Minyororo ya Wenye Wazimu: Jinsi Wagonjwa wa Akili Walivyotunzwa Zamani

Hapana kijiji kisicho na habari ya mtu aliyepatwa na wazimu. Wasomaji wetu wengi wamemwona kwa macho yao wenyewe. Jana alikuwa mkulima hodari, au mama aitunzaye nyumba yake vizuri. Leo azungumza na watu wasioonekana, hali wala halali, na yamkini amempiga ndugu aliyezaliwa naye tumbo moja. Ndipo jamaa hukusanyika na kuulizana, "Tufanyeje?" Na mara nyingi jibu la kwanza ni kamba. Hatusemi haya kwa kumtahayarisha mtu, maana twajua kwamba aifungaye kamba ile huifunga huku akilia.

Katika somo la leo twataka kueleza jinsi swali hilo lilivyojibiwa huko Ulaya katika karne zilizopita. Wako wanaodhani kwamba watu wa Ulaya tangu kale walikuwa na hospitali safi na madaktari wa maradhi ya akili, na kwamba kumfunga mgonjwa ni desturi ya watu wasiosoma. Sivyo hata kidogo. Huko nako jibu la kwanza lilikuwa kamba, na baada ya kamba likaja jibu la pili, nalo ni chuma. Ilipita miaka mia nyingi kabla watu hawajajiuliza chuma kile kilikuwa na kazi gani hasa.

Mwaka 1247, nje ya ukuta wa mji wa London, palijengwa nyumba ya watawa iliyopewa jina la Bethlehemu. Kwanza ilipokea maskini na wasafiri; baadaye ikaanza kupokea wenye wazimu, na mwaka 1403 walihesabiwa humo wanaume sita waliopotewa na akili. Iko hesabu ya vyombo vya nyumba ile iliyoandikwa mwaka 1398. Ndani yake zimetajwa pingu za mikono jozi 4, minyororo 11, kufuli 6 na mikatale 2. Mkatale ni kitu ambacho wazee wetu hawana haja ya kuelezwa; wako waliouona kwa macho, na wako ambao babu zao walitiwa miguu ndani yake. Basi jueni kwamba ulikuwako London pia, tena katika nyumba ya kuwahurumia wagonjwa.

Hospitali hiyo, iitwayo Bethlem, ingaliko hata leo, ijapokuwa imehama mara tatu. Mwaka 1676 ilihamia katika jengo jipya lililochorwa na bingwa Robert Hooke, nalo lilikuwa zuri hata watu wakalifananisha na kasri la mfalme. Juu ya lango zilikuwapo sanamu mbili za mawe: mtu mmoja amelala mwenye huzuni, na wa pili amekunja uso kwa ghadhabu, amefungwa minyororo. Kila aliyepita aliziona akajua ni nyumba ya nani. Na wengi hawakupita tu, bali waliingia. Siku za sikukuu watu wa mji walikwenda na wake zao kuwatazama wenye wazimu kama watu waendao kutazama ngoma, wakatoa senti chache mlangoni, wakawachokoza wagonjwa ili waone watafanya nini. Mambo hayo yaliendelea hata mwaka 1770, ndipo wakubwa wa hospitali walipoamuru kwamba mgeni asiingie bila cheti. Jina la Bethlem, kwa vile lilivyotamkwa na watu wa mitaani, limekuwa neno la Kiingereza la kutaja ghasia na makelele.

Haifai kudhani kwamba hawakuwa na dawa. Walikuwa nazo, na elimu yao ilikuwa ya kale sana. Wayunani walifundisha kwamba mwili wa mtu una maji ya namna nne, yaani damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kwamba moja likizidi mengine mtu huugua. Nyongo nyeusi ikizidi, huleta huzuni na wazimu. Matabibu wa Kiarabu na wa Kiajemi waliipokea elimu hiyo na kuizidisha, na kwa njia yao ilifika hata pwani yetu. Kwa hiyo dawa ilikuwa kuyapunguza maji yaliyozidi: kumchanja mgonjwa mshipa damu itoke, kumtapisha, kumpa haluli aharishe.

Huko Bethlem kazi ya uganga ilishikwa na ukoo mmoja, ukoo wa Monro, tangu mwaka 1728 hata mwaka 1853: baba, mwana, mjukuu na kitukuu. Mwaka 1815 yule wa tatu, Thomas Monro, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge aeleze matibabu yake. Akasema kwamba wagonjwa hutolewa damu karibu na mwisho wa mwezi wa Mei, kisha hutapishwa mara moja kila juma kwa majuma kadha, kisha huharishwa. Akasema pia kwamba amerithi desturi hiyo kwa baba yake, wala hajui njia iliyo bora kuliko hiyo. Fikirini maneno hayo. Mwenye huzuni na mwenye hasira, mzee na kijana, aliyeugua jana na aliyeugua miaka 10, wote walitolewa damu mwezi mmoja, kama ng'ombe wapelekwao joshoni.

Wengine walitafuta hila nyingine. Wako waliomtumbukiza mgonjwa katika maji baridi ghafula, wakitumaini kwamba hofu itaushtua wazimu utoke. Wako waliotengeneza kiti cha kuning'inia kilichozungushwa kwa kasi hata mgonjwa akatapika na kuzimia. Huko Marekani daktari Benjamin Rush, mmoja wa watu waliotia sahihi hati ya uhuru wa nchi yao mwaka 1776, alibuni kiti cha mbao cha kumfunga mgonjwa mikono, miguu na kifua, na juu ya kichwa chake kisanduku ili asione wala asigeuke. Naye Rush hakuwa mtu mkatili. Aliwapigania wagonjwa wapate vyumba vyenye moto wakati wa baridi. Twaona humo jambo la kushangaza, kwamba moyo mwema peke yake haukumzuia mtu kutengeneza kiti kile.

Hata mfalme hakusalimika. Mwaka 1788 mfalme George wa Tatu wa Uingereza alipatwa na wazimu, akawa anasema mchana na usiku pasipo kunyamaza, hata sauti ikamkauka. Aliitwa Francis Willis, kasisi aliyekuwa tabibu, mwenye nyumba yake ya wagonjwa wa namna hiyo huko Lincolnshire. Mfalme alibandikwa miguuni dawa kali za kutoa malengelenge, akavikwa koti la kufungia mikono, akafungwa kitini alipokataa kutii. Mwaka 1789 alipona, kengele zikapigwa nchi nzima. Kwamba alipona kwa sababu ya mambo hayo, hilo ni neno jingine. Ugonjwa ulimrudia baadaye, na tangu mwaka 1811 mwanawe alitawala badala yake. Lakini toka siku zile Waingereza hawakuweza tena kusema kwamba wazimu ni jambo la maskini na watu wabaya tu.

Sasa twafika kwa mtu ambaye habari zake zilibadili mambo. Mwaka 1814 bwana mmoja aitwaye Edward Wakefield alikwenda kuitazama Bethlem pamoja na wenziwe. Katika chumba kimoja walimkuta mtu jina lake Norris, baharia askari wa Kimarekani. Shingoni alikuwa na pete nene ya chuma, na kutoka katika pete hiyo ulikuwapo mnyororo mfupi uliounganishwa na nguzo ya chuma iliyosimamishwa ukutani, urefu wake zaidi ya futi 6. Kiunoni alizungushiwa chuma kipana kilichoibana mikono yake mbavuni. Aliweza kusimama karibu na nguzo na kulala chali, basi. Alikuwa amefungwa hivyo miaka kama 10. Wageni wale walizungumza naye, na tazama, alijibu vizuri, alieleza mambo ya dunia, alikuwa akisoma vitabu na magazeti, na alikuwa na paka wake aliyemliwaza.

Wakubwa wa hospitali walijitetea. Walisema kwamba Norris alikuwa mtu wa nguvu nyingi na wa hatari, kwamba alikuwa amewaumiza walinzi, na kwamba pingu za kawaida hazikumfaa. Nasi hatusemi kwamba walisema uongo. Huenda alikuwa wa hatari kweli. Lakini aliyepiga mwaka 1804 alifungwa bado mwaka 1814, na katika miaka ile yote hapana aliyemfungua siku moja atazame kama angali vile alivyokuwa. Picha yake ikachorwa, ikachapwa na kuenezwa, na watu wa Bunge wakaiona. Norris alifunguliwa, walakini kifua kilikuwa kimekwisha kuharibika, akafa mwaka 1815. Mwaka uliofuata Thomas Monro aliacha kazi yake, na msimamizi wa dawa aliondolewa.

Kabla hatujaendelea na habari za minyororo hiyo ilivyofunguliwa, twapaswa kurudi nyuma kidogo, maana si nchi zote zilizofuata njia ya Bethlem. Katika miji ya Waislamu zilijengwa hospitali zilizoitwa bimaristani, neno la Kiajemi lenye maana ya mahali pa wagonjwa. Ile ya Sultani Qalawun huko Cairo, iliyojengwa mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Huko Edirne katika nchi ya Waturuki, Sultani Bayezid wa Pili alijenga hospitali mwaka 1488, na msafiri Evliya Çelebi, aliyeiona katika karne ya 17, aliandika kwamba waimbaji na wapiga vinanda waliwekwa ili wawatulize wagonjwa, nao walipiga siku maalumu kila juma. Maji yalitiririka katikati ya ukumbi, na wagonjwa waliyasikia. Walakini Evliya huyo huyo aeleza kwamba baadhi ya wagonjwa walikuwa na minyororo shingoni. Kwa hiyo tusiyafanye mambo ya kale kuwa pepo. Huko Valencia, Hispania, hospitali ya wenye wazimu ilianzishwa baada ya kasisi mmoja, Jofré, kuwaona vijana njiani wakimpiga mawe mwenye wazimu mwaka 1409. Akahubiri habari hiyo siku ile ile, na wafanya biashara waliomsikia wakatoa fedha.

Lakini mahali tunapopenda hasa wasomaji wetu wapajue ni Geel, mji mdogo wa Ubelgiji. Watu husimulia kwamba binti wa mfalme wa Ireland, jina lake Dymphna, alimkimbia baba yake aliyeingiwa na wazimu baada ya kufiwa na mkewe, na kwamba baba alimfuata hata Geel akamwua. Kama ni kweli au ni hadithi, si kazi yetu kuamua. Wakristo walimhesabu binti huyo kuwa mtakatifu wa wenye wazimu, wakaleta wagonjwa wao kaburini kwake kuombewa. Mwaka 1480 au karibu yake palijengwa nyumba ya wagonjwa kando ya kanisa, ambamo mgonjwa alikaa siku 9. Nyumba ikajaa. Basi mapadre wakawaomba wenyeji wawapokee wagonjwa majumbani mwao mpaka nafasi ipatikane. Na wengi waliokwisha kupokelewa hawakuondoka tena.

Mambo yakawa hivi. Mkulima wa Geel alikuwa na mgeni wake mezani, aliyekula chakula kile kile, akalala chini ya paa lile lile, akasaidia kukama ng'ombe au kubembeleza mtoto kwa kadiri alivyoweza. Jamaa za mgonjwa walilipa kidogo. Watoto wa nyumba ile walikua wakimwona, hawakumwogopa, wakajua siku zake mbaya na jinsi ya kumwacha peke yake zinapokuja. Na walipooa walirithi mgeni pamoja na shamba. Hatusemi kwamba Geel haikuwa na pingu. Zilikuwako kwa waliotaka kukimbia au kupiga. Lakini mgeni wa Geel aliyetulia alitembea njiani kama mtu mwingine. Katika miaka ya 1930 wageni wa namna hiyo walikuwa karibu 4,000.

Huko Ufaransa jina linalosifiwa kwa kuwafungua wenye wazimu ni la daktari Philippe Pinel. Iko picha kubwa iliyochorwa mwaka 1876, daktari amesimama katikati, na mwanamke anafunguliwa minyororo. Ni picha nzuri, lakini haikusema kweli yote. Aliyeanza kazi ile hakuwa daktari. Jina lake Jean-Baptiste Pussin, mtengeneza ngozi, aliyeletwa katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris mwaka 1771 akiwa mgonjwa wa tezi za shingo. Alipopona hakwenda zake, akakaa na kufanya kazi pale pale, hata akawekwa kuwa msimamizi wa sehemu ya wenye wazimu. Mkewe Marguerite alisaidiana naye.

Pussin hakujua Kilatini wala hakusoma vitabu vya Wayunani, lakini aliishi na wagonjwa usiku na mchana, akawatazama, akaandika. Aliwakataza watumishi kumpiga mgonjwa hata kama mgonjwa amepiga kwanza, na aliyevunja amri alifukuzwa. Tena aliwachagua watumishi wake katika wagonjwa waliokwisha kupona, kwa kuwa hao walijua uchungu wa kufungwa. Pinel alipofika mwaka 1793 alimkuta mtu huyu na kazi yake, naye, kwa uungwana, hakuona haya kujifunza kwa mtengeneza ngozi. Katika kitabu chake cha mwaka 1801 alimtaja na kumshukuru. Minyororo ya Bicêtre iliondolewa na Pussin mwaka 1797, Pinel alipokuwa amekwisha kuhamishwa kwenda Salpêtrière. Badala ya chuma aliwavika waliozidi ukali koti la kufungia mikono, nalo si jambo dogo wala si uhuru kamili. Lakini mtu aliyevikwa koti huweza kutembea uani na kuota jua.

Karibu na wakati ule ule, huko York, kaskazini ya Uingereza, mjane mmoja aitwaye Hannah Mills alipelekwa katika hospitali ya wenye wazimu mwezi wa Machi 1790. Alikuwa mmoja wa Wakristo waitwao Marafiki, au Quaker, wale ambao misheni yao ilifika Kaimosi mwaka 1902. Ndugu zake wa dini walikwenda kumtazama wakakataliwa mlangoni. Baada ya majuma machache alikufa. Hakuna aliyejua amekufaje. Basi mfanya biashara ya majani ya chai, William Tuke, akasema kwamba Marafiki wajenge nyumba yao wenyewe, na mwaka 1796 ilifunguliwa. Hawakuiita hospitali wala nyumba ya wazimu. Waliiita Retreat, maana yake mahali pa mapumziko.

Mjukuu wake, Samuel Tuke, aliandika habari za nyumba ile mwaka 1813, na humo mna kisa ambacho twakieleza kwa maneno yetu. Aliletwa mtu wa miaka 34 hivi, mkubwa wa mwili na mwenye nguvu ajabu. Alikuwa amefungwa siku nyingi hata nguo zake zilishonwa kwa kamba ili ziweze kuvuliwa na kuvikwa pasipo kufungua pingu. Alipoingia pingu zilifunguliwa, akapelekwa katika chumba ambamo msimamizi na mkewe walikuwa wakila chakula cha jioni. Akaketi, akatulia. Msimamizi akamwambia kwamba hapana atakayemfunga maadamu yeye mwenyewe atajizuia. Mara kadha baadaye hasira ilimpanda, akapiga kelele. Msimamizi akaenda akaketi karibu naye kitandani, akasema naye polepole hata akanyamaza. Baada ya miezi kama minne alirudi kwao mzima.

Tena walipogundua kwamba mgonjwa mwenye fujo hapati usingizi, hawakukimbilia dawa ya kulevya tu. Walimpa chakula kingi cha jioni, nyama na mkate na pombe, naye akalala.

Kitabu hicho kilimkasirisha tabibu wa hospitali ile ya kwanza, kwa kuwa alijiona amesutwa. Watu wakaanza kuulizauliza, na katika waliouliza alikuwako hakimu Godfrey Higgins. Mwezi wa Machi 1814 alifika asubuhi pasipo kutoa habari, akataka afunguliwe kila mlango. Akaonyeshwa vyumba safi. Lakini karibu na jiko aliona mlango ambao haukutajwa. Akauliza funguo, akaambiwa hazionekani. Akasema kwamba kama hazionekani ataufungua kwa chuma cha kuchochea moto. Funguo zikaonekana mara. Ndani palikuwa na vijumba vinne, kila kimoja futi 8 hivi kwa 8, sakafu imejaa majani makavu yaliyolowa uchafu, na kuta zimepakwa kinyesi. Akauliza waliolala humo usiku ule ni wangapi. Wanawake 13. Higgins alipanda juu akawaona wanawake wale katika chumba kimoja kidogo, na hewa ilikuwa mbaya hata akatapika.

Twataka walimu wakisome kisa hicho na vijana wao, kwa maana hakimu yule hakuwa na elimu yoyote ya uganga. Alikuwa na cheo, akakitumia kuuliza funguo.

Sasa turudie neno tulilolisema mwanzo, kazi ya chuma. Watu walisema kwamba mnyororo ni kwa ajili ya usalama, na pengine kwamba ni sehemu ya dawa. Mwaka 1838 daktari kijana Robert Gardiner Hill aliweza kuacha kabisa kufunga watu katika hospitali ya Lincoln. Mwaka uliofuata John Conolly alipewa hospitali ya Hanwell, karibu na London, yenye wagonjwa kama 800. Wakubwa wa kazi walimwambia kwamba jambo lililowezekana katika nyumba ndogo halitawezekana kwa watu 800. Alianza mwezi wa Juni 1839, akakusanya pingu, mikanda na viti vya kufungia. Hata ulipokwisha mwezi wa Septemba hapakuwa na mtu aliyefungwa. Hanwell haikuungua wala watu hawakuuana. Lakini Conolly alisema wazi lililo sharti la jambo hilo: watumishi wawe wengi, wawe watu wazima wenye subira, na walipwe vema. Penye mgonjwa mwenye fujo na watumishi wanne, watumishi humshika mpaka atulie. Penye mtumishi mmoja na wagonjwa 40, yeye huenda kuchukua pingu. Kumbe mnyororo ulikuwa mahali pa mtu asiyekuwapo.

Mambo yaliyofuata yalithibitisha hivyo, kwa njia ya kusikitisha. Tangu mwaka 1845 sheria iliilazimisha kila wilaya ya Uingereza kujenga hospitali ya wenye wazimu. Zilijengwa nyingi, nazo zikajaa wazee, vilema, wenye kifafa na watu waliochokwa na jamaa zao. Mwaka 1850 hospitali moja ilikuwa na wagonjwa kama 300 kwa wastani. Mwaka 1900 karibu 1,000. Daktari hakuweza tena kuyajua hata majina. Makoti ya kufungia mikono yalirudi, na vyumba vya kufungia watu peke yao, na dawa za kulevya zilizowafanya wanyamaze. Mwaka 1954 hospitali za Uingereza na Wales zilikuwa na wagonjwa wa akili karibu 150,000.

Matibabu yalitafutwa kwa pupa, na mengine yalikuwa ya ajabu. Katika wagonjwa wale wengi walikuwa wenye kaswende iliyopanda hata ubongoni. Mwaka 1917 daktari Julius Wagner-Jauregg wa Vienna alichukua damu ya askari mwenye malaria akaitia katika miili ya wagonjwa tisa wa namna hiyo, kwa kuwa aliona kwamba homa kali huweza kuua ugonjwa ule; kisha akaizima malaria kwa kwinini. Wengine walikufa, wengine wakapona, na mwaka 1927 alipewa tuzo ya Nobel. Wasomaji wetu wanaotetemeka kila masika watacheka kwa uchungu kusikia kwamba malaria iliwahi kuwa dawa. Ilitumika hata miaka ya 1940, penisilini ilipopatikana. Mbaya zaidi ni kukatwa nyuzi za ubongo, kulikoanzishwa na Egas Moniz wa Ureno mwaka 1935. Maelfu walikatwa, na wengi walitulia kwa namna ambayo mama zao hawakuwatambua tena. Ni mwaka 1952, huko Paris, ndipo ilipojulikana dawa ya kloropromazini, ya kwanza iliyoweza kweli kupunguza sauti na hofu za mgonjwa bila kumlaza usingizi mzito.

Hospitali za namna ya Ulaya zililetwa kwetu na serikali za kikoloni. Nyumba ya wenye wazimu ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1910, na mwaka 1924 ikaitwa Mathari. Tanganyika ilikuwa na Mirembe huko Dodoma. Mgonjwa alichukuliwa kutoka mbali, mara nyingi na askari, akatengwa na lugha yake na jamaa zake. Mwaka 1954 daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alijaribu njia nyingine huko Aro, Abeokuta: mgonjwa alikuja pamoja na ndugu yake, wakapanga katika nyumba za wanakijiji walio karibu na hospitali, wakapika na kulima, wakaenda kwa daktari mchana. Tanzania nayo, baada ya uhuru, ilianzisha vijiji vya wagonjwa wa akili kulima na kuishi pamoja na jamaa.

Wala minyororo haijakwisha. Mwaka 2020 shirika la kutetea haki za watu liitwalo Human Rights Watch lilitangaza kwamba watu wenye maradhi ya akili wangali wakifungwa katika nchi 60 hivi, na Kenya ilikuwa mojawapo. Wengine walifungwa na wageni waliolipwa kuwatunza, wengine na baba zao, katika vyumba vya nyuma, mitini, mazizini.

Na Geel ingaliko, wageni wake wangali wakiishi na wenyeji, lakini hesabu yao imepungua sana. Siku hizi hawafiki hata mia kadha. Dawa zimewawezesha wengi kukaa kwao wenyewe, nalo ni jambo jema. Lakini wenyeji hutaja sababu nyingine pia. Mashamba yamepungua, mume huenda kazini na mke huenda kazini, watoto wako shuleni, na mchana nyumbani hakuna mtu.